Shingo ya Fundi na Nafasi ya Katikati

Benchi la pale kona, mbele ya duka la vipuri, ni la watu wanne ila linakaliwa na watatu. Mwisho huku yupo Fundi Cherehani, halafu pengo, halafu Mwalimu mstaafu, halafu Bosi Vipuri, ambaye duka wala si lake. Wiki ya sita sasa shingo ya Fundi imekaza kama ubao. Jumamosi binti yake anaolewa, na gauni aliloahidi kumshonea halina mikono bado. Akiinamia cherehani dakika tano tu, machozi yanamtoka. Zahanati wamempa vidonge, wamemkanda mara nne. Asubuhi anatoka mzima, jioni imekaza tena.

— Mto huo, alisema Mwalimu.

— Nini?

Sikio la kulia la Fundi, la upande wa wenzake, tangu zamani linasikia la karibu tu. Akapinda shingo mpaka sikio zima likamfikia Mwalimu, akauma meno.

— Mto! Sponji ina kumbukumbu. Wako unakumbuka kichwa cha mtu mwingine.

— Mto nimeushona mimi.

— Basi unakumbuka ulivyouchoma sindano.

— Achana na mto, alisema Bosi Vipuri. Ni hiyo futi. Miaka thelathini umeivaa shingoni, shingo imeshajiona kitambaa. Inasubiri kukatwa.

— Nini?

Akapinda tena. Bosi akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti.

— Umewapima sanda marehemu wangapi kwa futi hiyo? Mwalimu akauliza. Vipimo vya wafu havitoki kwenye futi hata uifue.

— Mama yangu wee, alisema Fundi. Yote hayo shingoni kwangu?

Ndipo akatokea dada anayewakanda watu zahanati, mkoba begani. Alikuwa amekwenda dukani kwa Fundi kuona anavyokaa kazini, mkewe akamwelekeza huku.

— Shikamooni. Endeleeni tu, niwaangalie.

Wakaendelea. Fundi akapinda mara tatu. Dada akaonyesha pengo kwa kidole.

— Hapa anakaa nani?

— Seremala, alisema Mwalimu. Benchi kalichonga yeye. Ndiye aliyekuwa akimrudishia Fundi maneno yetu sikioni.

— Anarudi lini?

Bosi akachungulia kikombe chake. Mwalimu, mwenye jibu la kila kitu, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Walimzika wiki sita zilizopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyediriki kuweka hata kikombe pale.

Fundi ndiye aliyesogea. Taratibu, kwa makalio, mpaka bega lake likagusana na la Mwalimu. Benchi likalia kidogo, likatulia.

— Hilo gauni, alisema Mwalimu kwa sauti ya kawaida, mikono mirefu au mifupi?

Fundi alisikia bila kugeuka.

— Mirefu, akajibu, akaanza kulia, na hakuna aliyemuuliza kama ni shingo.