Profesa Unencan na Maneno ya Wafua Chuma

Tarehe 31 Januari mwaka huu Profesa Anaclet Unencan anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Bunia kwa miaka thelathini na sita. Aliingia akiwa asisita, yaani mhadhiri msaidizi, wa kemia isokaboni na anatoka akiwa profesa wa somo hilohilo. Katikati alifanya kazi nyingine mbili ambazo hakuna aliyemwajiri kuzifanya: alifundisha fasihi ya Kijerumani kwa yeyote aliyetaka kukaa na kusikiliza, na alichunguza historia ya maneno katika lugha za Ituri. Wageni wakituuliza kama tuna maprofesa watatu wenye jina moja, huwa tunawajibu kwamba ni mmoja tu, na kwamba vitabu vya wote watatu viko katika ofisi moja, ndiyo maana hakuna pa kukaa.

Alizaliwa katika vilima vya Mahagi. Mwaka 1981 alipata bursi ya kusoma kemia ya madini Ujerumani ya Magharibi, katika mji mdogo wa milima ya Harz wenye migodi ya fedha ya tangu zamani. Alifika baridi ikiwa kali, naye Kijerumani chake kilikuwa cha salamu tu. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba, mjane wa mchimba migodi aliyeitwa Mama Hilde, aliona mgeni wake anakula kimya kila jioni, akaamua kumtibu. Alimwekea kitabu cha hadithi kando ya sahani, amsomee kwa sauti wakati yeye anafuma soksi. Profesa akikosea neno, Mama Hilde aligonga meza kwa sindano, na mkate haukukatwa mpaka neno litoke sawasawa. Profesa husema kwamba alijifunza Kijerumani kwa njaa.

Hadithi zenyewe zilikuwa za karne mbili zilizopita. Zilisimulia vijana wanaoshuka chini ya ardhi kutafuta fedha na vito, wakavutwa na mwanga wa mawe hadi wakawasahau waliowaacha juu wakiwangojea. Kijana wa Mahagi, aliyekuwa anapata barua ya nyumbani mara moja kwa muda mrefu, alizisoma kwa uchungu. "Miye nilizani batu ba Ulaya habajuake kukumbuka kwabo," alituambia siku moja katika labo. "Kumbe bo pia banaumwaka."

Katika vitabu hivyo ndimo lilimotoka swali lililochukua maisha yake. Alitaka kujua neno la Kijerumani la chuma lilitoka wapi, akaambiwa kwamba, kwa maoni ya wataalamu wengi, mababu wa Wajerumani walilichukua kwa jirani zao Wakelti, muda mrefu kabla hawajajua kuandika. Basi akawaza: ikiwa neno linaweza kukumbuka ni nani alimfundisha nani kazi, hata baada ya mwalimu na mwanafunzi wote kufa, maneno yetu sisi yanakumbuka nini?

Alirudi na jibu likiwa bado mbali. Mwanzoni mwa 1989 alianza kazi hapa, na tangu siku hizo alikuwa akifanya hivi: alikwenda kwenye vilima ambako watu wa kale waliyeyusha chuma, akaokota mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki tanuru likishapoa. Katika labo aliyapima ajue yana madini gani na moto ulifika joto gani. Halafu alikaa na wenyeji wa kila lugha, akauliza wanaitaje chuma, makaa, tanuru, mivukuto ya kupulizia moto, akalinganisha sauti moja moja. Kemia ilimwambia kazi ilifanyikaje, na maneno yalimwambia ilipita mikononi mwa nani. Na hadithi za Kijerumani? Alisema zilimkumbusha kuuliza kitu ambacho mwanakemia hakiulizi: aliyesimama mbele ya ule moto alikuwa anamkumbuka nani.

Mwaka 1990 alimwoa Elisabeth, mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya mtaa wa Saio. Elisabeth alitoka katika ukoo wa wafua chuma wa Mahagi, na alikuwa na maneno ya nyanya yake yaliyojaa kinywani. Alikuwa na neno moja alilopenda kulitumia kwa kucheza, *ovuru*, sauti ya mivukuto inapovuta pumzi ya kwanza kabla moto haujashika. Akimwona mume wake anajiandaa kusema jambo refu mbele ya wageni, alisema polepole, "Ovuru," na watu wote wakacheka, naye Profesa akacheka kuliko wote. Hakumuuliza neno lile linatoka wapi. Alikuwa na maneno mengi ya kufuatilia kwa watu wa mbali, na lile lilikuwa ndani ya nyumba yake.

Mwaka 2003 vita ilipofika katikati ya mji, watu walianza kukimbia. Mimi ninayeandika haya nilikuwa asisita wake. Tulipata nafasi katika lori la Mahagi, Elisabeth, binti yao Ornella aliyekuwa bado mdogo, na mimi. Nafasi ya Profesa ilikuwepo pia. Lakini katika labo kulikuwa na asidi nyingi na zebaki, na mlango ulikuwa wa mbao.

Elisabeth alikuwa amekwisha kupanda. Alimwambia akiwa juu ya mizigo, bila kupandisha sauti: "Anaclet, ile machupa haina mutoto. Weye uko na mutoto."

"Batu batavunja ule mulango," Profesa alimjibu. "Halafu batoto ba batu bataingia mule na miguu mitupu. Nipe siku mbili tu, nimwange yote na chokaa. Nitabafuata ninyi."

"Sawa," alisema Elisabeth. Ornella alimpungia baba yake mkono, na lori likaondoka.

Profesa alifanya alichosema. Alichimba shimo nyuma ya jengo, akaimimina asidi kidogo kidogo juu ya chokaa mpaka ikaisha nguvu, akaifunga zebaki katika vyombo vya chuma na kuizika ndani sana. Alipomaliza, njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa. Siku mbili zikawa miezi. Hakukuwa na simu, na dereva aliyethubutu kupita hakuonekana.

Kule Mahagi, Elisabeth alishikwa na homa ambayo haikutaka kushuka. Nilikuwa naye. Siku ya mwisho kichwa chake kilitulia, akaomba maji, akanishika mkono. "Umwambie Anaclet mimi sikukasirika," alisema. Saa za mchana alituacha. Tulimzika kwenye mteremko, karibu na ndugu zake.

Profesa alipofika, miguu yake ilikuwa imevimba, maana sehemu kubwa ya njia aliitembea. Habari alikuwa ameipata njiani. Nilimpa yale maneno jinsi nilivyopewa. Akaniuliza: "Alisema katika luga gani?"

"Kialur," nilimjibu, lugha ya kwao wote wawili.

Alimchukua Ornella mikononi, wakaenda kwenye mteremko wawili.

Tuliporudi Bunia baadaye, jengo la labo halikuwa na mlango wala madirisha. Chupa zote zilikuwa zimevunjwa. Familia moja iliyokimbia kijiji chake ilikuwa inaishi ndani na watoto wanne, na mdogo alikuwa akichezea vipande vya vioo vilivyosafishwa na mama yake. Hakuna aliyekuwa na jeraha la asidi. Profesa aliwasalimia, akauliza majina ya watoto, akatoka nje. Tulimkuta amekaa juu ya tofali nyuma ya jengo, analia. Hatukujua kama analia kwa shukrani au kwa jambo lingine, na hatukumuuliza. Nadhani yeye mwenyewe asingeweza kutenganisha.

Hakuoa tena. Alimlea Ornella akisaidiwa na dada yake, alijifunza kusuka nywele, vibaya mwanzoni, na alianza kwenda katika migodi ya dhahabu. Wachimbaji walikuwa wanachoma zebaki hewani ili wabaki na dhahabu, na moshi ule ulikuwa unawaharibu mikono, macho na akili. Profesa alitengeneza chombo cha chuma chenye bomba, kinachorudisha zebaki ndani ya maji badala ya kuiacha ipande hewani. Hawakumsikiliza kwa urahisi. Osée, kiongozi wa shimo moja, alimwambia wazi: "Profesere, hii sufuria yako iko nachelewesha siye."

Kwa hiyo, wakati wanangoja chombo kipoe, Profesa akawasimulia zile hadithi za Harz kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Wachimbaji Wakristo na Waislamu, waliotoka pande zote za nchi, walikaa wakisikiliza habari ya mchumba aliyengoja juu ya mgodi mpaka akazeeka. Osée ndiye aliyeomba hadithi isikatwe mpaka imalizike. Akamwambia Profesa, "Rudia kesho. Na ile sufuria, uilete." Leo mashimo mengi ya pale yanatumia chombo kile. Profesa aliwafundisha pia salamu ya wachimbaji wa Ujerumani, Glück auf, ya kumtakia mtu bahati na kupanda salama. Ukifika pale leo utasalimiwa kwa bonjour, kwa salamalekumu, na kwa "gulikaufu", na hakuna anayeona ajabu.

Miaka yote hiyo kitabu chake kilikuwa kimesimama. Sura ya mivukuto ilikataa kuisha. Alikuwa na maneno ya pande zote, lakini neno la Elisabeth halikuonekana katika kijiji chochote cha Waalur. Aliwauliza wazee wa Mahagi, wakamwambia ni neno la kuchezea la nyumbani kwao. Wenzake walimshauri aliache. Aliwajibu kwa upole kwamba ataliacha, na likizo iliyofuata akaondoka tena kuliuliza.

Mwaka juzi tulikuwa pamoja Ariwara, upande wa Aru, tukitafuta wauza majembe ya kienyeji. Sokoni kulikuwa na mama mmoja, Séphora, aliyekuwa amebandika birika la chai nyuma ya meza yake. Birika lilianza kuvuma kabla ya kuchemka. Séphora alimgeukia mwenzake, akasema jambo kwa lugha yake, na katikati ya maneno yale nilisikia *ovuru*. Profesa alikuwa ameinama kutazama jembe. Alibaki ameinama.

"Mama," alisema hatimaye, "sema ile neno tena."

"Neno gani?"

"Ya birika."

"Ovuru," alisema Séphora. "Ni vile maji inalia mbele ichemke. Tate, babu yangu, alikuwaka anafua majembe, ni yeye alikuwa anasemaka vile." Akamtazama vizuri, akamsogezea kiti. "Muzee, unalia juu ya nini?"

"Bibi yangu alikuwaka anasema vile," Profesa alimjibu. "Bibi" katika Kiswahili chetu ni mke, na Séphora alielewa. Alimmiminia chai, naye akakaa pale mpaka soko linafungwa, akimwomba alirudie, si kwa ajili ya utafiti.

Utafiti ulikuja baadaye. Neno lilikuwa la jirani, watu wa upande wa Aru, na kumbe mama aliyemzaa nyanya yake Elisabeth alikuwa binti ya mfua chuma wa kule, aliyeolewa Mahagi. Katika sehemu zile mbili, mavi ya chuma yana madini yanayolingana. Sura ikaisha, na kitabu kikaisha. Kinaonyesha, kwa hesabu za kemia na kwa sheria za sauti, kwamba watu wa Ituri walifundishana kazi ya moto kwa kuoana na kwa kukaa jirani, vizazi vingi kabla ya kufundishwa kuogopana. Mwaka jana alikitoa hadharani katika ukumbi wetu, na watu wa lugha mbalimbali waliokaa mle ndani walisimama mmoja mmoja kutamka neno la kwao la mivukuto, kila mmoja akitaka lake lisikike. Mkutano ulichelewa kwisha, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa anaondoka. Ornella ni mwalimu wa kemia Mahagi, na amemwandalia baba yake chumba kinachotazama ule mteremko. Nilimuuliza atafanya nini akifika. Alisema atabeba kiti asubuhi, akae na Elisabeth, amsomee kitabu chote kuanzia sura ya mivukuto. Kimeandikwa kwa Kifaransa, lakini atakuwa anakigeuza kwa Kialur anavyosoma. "Kifaransa yangu alikuwaka anakosolaka," alisema. "Kialur atanivumilia."

Profesa, chuo kinakushukuru kwa wanafunzi uliowafundisha, kwa mikono ya wachimbaji iliyoacha kutetemeka, na kwa watoto waliocheza katika labo bila kuungua, ingawa tunajua ulilipia nini. Ofisi yako tumeifagia, ina nafasi ya viti vitatu, na tangu jana hakuna aliyetaka kukaa ndani. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na jirani wengi wa kubishana nao juu ya maneno. Ukisikia siku moja gari limesimama mbele ya nyumba na watu wanashuka bila kualikwa, ufungue tu. Ni siye, tumeshindwa kuvumilia.

Kwa niaba ya wenzake wote,
Félicité Kabatalya, Idara ya Kemia