Siku Themanini na Nne za Nyamizi

Ndugu Meneja wa jineri yetu ya pamba, Ndugu Katibu wa Tawi la Chama, ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, ndugu zangu wa mizani, wa mitambo na wa ofisini, nanyi wageni mliotoka Kishapu kwa ajili yangu: wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mmenipa blanketi na mche mzima wa sabuni. Kwa maduka yalivyo mwaka huu wa themanini na nne, nimemwona hata Ndugu Meneja akiitazama sabuni ile kwa husuda. Usione haya, Ndugu Meneja. Mwenye husuda leo ni mimi, na kwa kuwa nastaafu, sina tena cha kuficha.

Mmenisifu kwamba kwa miaka ishirini na minne halijapotea jalada hata moja katika masjala yangu. Ni kweli. Lakini wangapi kati yenu mnajua kwamba nina mtoto? Mwaka sitini na tano, mimi na Zuwena, yule pale mwenye baibui, tulipata mimba msimu mmoja. Zuwena alikuwa na mume, akapewa likizo na mshahara wake. Mimi bosi wa wakati ule akaniuliza, "Apolonia, mumeo nani?" Nikamwambia sina, na likizo sikupewa. Siku ya tisa baada ya kujifungua nilikuwa kitini kwangu, maziwa yanalowesha gauni, na Limi wangu yuko Kishapu mgongoni kwa mama yangu. Akakua akimwita bibi yake mayu, yaani mama, na mimi akiniita dada. Mwezi wa saba mwaka huu ameolewa. Mama wa bibi harusi alipoitwa asimame, akasimama mama yangu. Mimi nilipiga vigelegele upande wa akina dada.

Wiki tatu baadaye Nyamizi, msaidizi wangu, akarudi kutoka likizo ya uzazi. Hana mume, kama nilivyokuwa mimi. Lakini sheria ya mwaka sabini na tano haikumuuliza habari za mume. Ilimpa siku themanini na nne na mshahara wake, sawasawa na mke wa mtu. Barua yake ya likizo niliigonga muhuri kwa mkono wangu huu, kisha nikazihesabu siku zile moja moja kana kwamba zimekatwa kwenye zangu. Akarudi amenawiri, na mtoto akisikia tu sauti yake anageuza shingo. Jamani, niliona wivu. Niliona wivu hadi chakula kikanishinda.

Ndugu Meneja, ukaniomba nipendekeze wa kukaa kwenye kiti changu. Nani hapa asiyejua jibu? Nyamizi anakutajia namba ya jalada kabla hujamaliza kuuliza. Nami nikakuandikia kwamba ana mtoto mchanga, akili yake haipo kazini, heri karani mwenzake Kalisti. Kalisti, mwanangu, nisamehe. Hadi leo unaniuliza herufi ipi inatangulia ipi. Sheria ilimlinda Nyamizi dhidi ya bosi. Dhidi yangu mimi nani angemlinda?

Jumatatu akaja masjala. "Mama, nasikia wanasema kazi siiwezi kwa ajili ya mtoto. Jumamosi nampeleka Nkome kwa bibi yake, abaki huko." Akacheka, akidhani nitamsifu. Nikarudi kwenye majalada yangu, na leo ni Ijumaa.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, mbele ya hawa wote: barua ile ni ya uongo, naomba uichane. Hii hapa nyingine, ina mstari mmoja tu: Nyamizi ndiye anayefaa. Ukimnyima, mwambie sababu hapa hapa, Ndugu Katibu wa Chama naye asikie.

Nawe Nyamizi, binti yangu, usidanganyike, wivu wangu haujaisha. Nikikuona unanyonyesha, moyo bado utaniuma. Lakini basi la kesho liache liende. Kaa na mwanao, akuite mama.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Kwaherini.