Upinzani Umekubali

Huko Izki, mji wa Kiarabu ng'ambo ya bahari, kando ya mfereji wa falaji nyuma ya maduka, wazee waliozaliwa Unguja na Pemba wana baraza lao la mkoa, la mchezo, kila baada ya sala ya Alasiri. Khalaf ndiye Serikali, hutoa hoja. Marhoun wa Wete ndiye Kiongozi wa Upinzani, naye hupinga kila kitu, hata ukisema leo kuna joto. Sharti lao ni moja tu: kahawa haimiminwi mpaka Upinzani upinge. Miaka yote ya mchezo huo kahawa haijawahi kupoa. Leo dele la kahawa limekaa tu, na Khalaf roho haijatulia, maana ametoa hoja tatu na Marhoun amezikubali zote.

— Huyu anataka kugombea baraza la mkoa la kweli, alisema Hud, waliyemwita Redio. Anatafuta kura zetu.

— Kura gani, yakhe! Humoud akamkata. Kaoa wa pili kwa siri. Mwenye wake wawili atapinga nini tena?

— Wallahi si mke, hilo jini, Redio akadakia. Limemfuata kutoka Pemba, lilichelewa kupata viza tu!

Wakacheka. Marhoun naye akacheka, kwa adabu, kama mgeni. Khalaf hakucheka. Jana Marhoun alimwuliza njia ya kurudi nyumbani kwake mwenyewe, naye Khalaf akadhani utani.

— Hoja ya mwisho, akasema Khalaf. Karafuu za Pemba si kitu mbele ya za Unguja.

Kwa neno hilo hilo Marhoun aliwahi kumnunia mwezi mzima.

— Kweli kabisa, alisema Marhoun kwa upole.

Hata Redio alizimika. Thani, mkwe wa Humoud kutoka mji wa Sur, aliyekuja kijiweni kwa mara ya kwanza, akataka kuwachangamsha, akamsalimu Marhoun.

— Shikamoo, ami. Pemba kwenu wapi?

— Marahaba, mwanangu.

Marhoun akafikiri. Akafikiri sana. Kisha akamgeukia Khalaf.

— Mwambie. Wewe unapajua.

Khalaf alipajua. Habari za Wete alishazisikia mpaka zikamchosha, na leo angetoa chochote azisikie tena. Akainuka upande wa Serikali, akaenda kukaa ubavuni pa Marhoun, akamshika mkono.

— Napinga! alisema. Karafuu za Pemba hazina mfano duniani.

— Kweli kabisa, alisema Marhoun.

Humoud akamimina kahawa. Ilikuwa imepoa.