Mama Laini Astaafu, Kengele Zabaki Ofisini

Mkuu wa kitengo cha mawasiliano alithibitisha Jumatatu kwamba namba ya simu ya fundi wetu wa mtandao, tunayemwita Mama Laini, itaondolewa kwenye mfumo wa tahadhari Ijumaa hii, tarehe 30. Ndiyo siku yake ya mwisho kazini baada ya miaka ishirini na saba. Alipoulizwa kama mafundi wawili watakaopokea kazi yake wako tayari, mkuu alijibu: "Itabidi wawe."

Mama Laini aliajiriwa kuvuta nyaya chini ya meza. Enzi hizo, mtandao wa kwenda matawini ukikatika, habari zilikuja na hasira. Tawi lilipiga simu mapokezi, dada wa mapokezi akafokewa kwa kosa lisilo lake, ndipo fundi akatafutwa. Laini iliweza kulala asubuhi nzima kabla mtu wa makao makuu hajajua.

Yeye ndiye aliyeweka kompyuta kuukuu kwenye chumba cha seva na kuifundisha kubisha hodi kila tawi, kila dakika. Tawi likiitika, kitone cha kijani. Likinyamaza, chekundu, na tahadhari inatumwa kwa barua pepe. Kasoro ni kwamba seva ya barua pepe ilikuwa katika ofisi yetu ya pili, nje ya makao makuu, ng'ambo ya laini iliyokuwa ikikatika kuliko zote. Habari ya kukatika ikawa inasubiri laini ipone ndipo ifike. "Mama, tanzia yako tumeipata, ila marehemu ameshaamka," mhasibu alimtania mbele ya watu. Alicheka nao, kisha akaenda kununua laini ya simu na kuichomeka kwenye kompyuta ile. Tangu hapo tahadhari huja kwa ujumbe mfupi.

Grafu zake, zilizoonyesha kila laini ilikatika lini na kwa muda gani, ziliinyamazisha pia kampuni inayotukodisha mtandao, ambayo kila mara ilidai hitilafu ni yetu.

Lakini ujumbe ulikwenda kwenye simu moja tu, yake. Aliomba zamu zigawanywe. Akaambiwa avute subira hadi bajeti ipite. Bajeti zikapita, msaidizi hakuja. Simu ililia harusini kwa binti yake: kwenye picha ya familia wote wanatazama mbele, yeye anatazama mapajani. Mumewe huiita simu hiyo "mume mwenzangu". Mwaka jana daktari alimwagiza aizime alalapo. Hakuizima.

Waliofanya naye kazi wanasema hakuwahi kupandisha sauti. Huenda ni upole. Huenda ni uchovu tu.

Shirika linamshukuru, likijua limechelewa. Tunamtakia usingizi usiokatizwa, na mumewe tunamrudishia mkewe.

Ijumaa saa nne asubuhi, kabla ya chai ya kumuaga, laini ya ofisi ya pili itachomolewa kwa makusudi. Simu za mafundi wawili zinatakiwa kulia. Yake itawekwa mezani, mbele ya wote, na inatakiwa kukaa kimya.