Kalume Darius, Aliyeitafsiria Rumonge Kila Filamu Isipokuwa Moja

Marehemu baba yangu, Kalume Darius, alizaliwa Baraka, Kongo, tarehe 9 Mei 1955. Alisoma hadi sixième primaire, yaani darasa la sita, akavuka ziwa kuja Rumonge mwaka 1971. Kifaransa alijifundisha mwenyewe, na hakikumkubali sana.

Asubuhi alikamua mawese kijijini Kizuka. Mchana alishika mikro, kile kipaza sauti, katika ukumbi wa video wa mzee Amissi, akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili na Kirundi. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Kwa baba, majambazi wa Hong Kong waligombania bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, na ukumbi ulivunjika mbavu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama, Esperance. Tarehe 3 Septemba 1997 mama aliuawa katika shambulio barabarani, karibu na Gitaza, akipeleka ndagala Bujumbura. Baba akarudisha mikro, akafunga mlango, akanyamaza miaka mitatu. Mimi Bora, mtoto wake wa pekee, alinijibu kwa kichwa tu. Nilimkasirikia, sifichi.

Mwaka 2000 aliazima kamera ya harusi, akajipiga filamu humo nyumbani. Dakika thelathini na moja: mwanamume anakula amesimama, mbele ya kiti cha mkewe. Hakuna neno. Mzee Amissi aliionyesha saa nane mchana, maana kwa sababu ya vita jioni ilikuwa marufuku kutembea. Watu wakadai, "Kalume, tafsiri!"

Baba alisimama. "Hii siwezi. Munisamehe."

Ndipo mama Zena, muuza mikate, akasema kutoka nyuma, "Na kwangu iko kiti kama hiyo. Ni ya Swedi, mutoto wangu." Mwingine akamtaja wake. Filamu iliisha, watu bado wanasema, na baba anawapelekea mikro mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona akifanya kazi nzuri kuliko ile.

Tulipofika nyumbani alivuta kile kiti. "Bora, kaa. Umekula?"

Figo zilimsumbua tangu 2002. Hospitalini aliwatafsiria wagonjwa wenzake Kifaransa cha daktari, vibaya kama kawaida. Alifariki tarehe 14 Februari 2004, saa nne asubuhi.

Ameacha dada yake Elda, mimi, na viti viwili. Leo asubuhi nilikaa kwenye cha mama, nikanywa chai, nikatazama cha baba.

Lala salama, baba. Nimekula.