Jioni Nilipowarudishia Kamyo ya Baba

Bwana apewe sifa zake zote, ndugu zangu, maana walisema sitaweza! Walisema pale sokoni Kasongo, mchana kweupe, nami nimesimama palepale na diplome yangu ya umakanika niliyoitolea jasho Lubumbashi, bila mjomba wala mfadhili. "Huyu mutoto iko anajidai! Ile kamyo ilishakufa zamani." Mwingine akaongeza: "Hata ukiamsha kamyo, ile familia hautaiamsha."

Leo niko mbele yenu. Niangalieni vizuri!

Ndugu zangu, baba yangu alikuwa na kamyo, lori la kubeba mchele na mawese kati ya Kasongo na Kabambare. Alipofariki, matanga yakaisha, wazee wakagawa vitu vyake kama desturi inavyotaka. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Ikafika zamu ya kamyo. Hakuna aliyekubali mwenzake aichukue nzima, na hakuna aliyekubali iuzwe. Basi wakaigawa! Yaya Kitenge, kaka yetu mkubwa, akachukua magurudumu, akayapeleka Salamabila. Shangazi Zaina akachukua mlango wa dereva, ukawa mlango wa jiko lake kule Nyangwe. Baba mdogo akafunga kiti juu ya pikipiki mpaka Wamaza, akawa anakikalia akiamua kesi za watu. Mama akabaki na mwili wa gari uani, kuku wakitagia juu ya injini.

Tangu siku ile kila mmoja alimwita mwenzake mwizi. Hawakusalimiana. Sikukuu zote mama alipika chakula cha watu wengi, akala peke yake. Hicho ndicho kilikuwa kifungo chetu!

Wengi hurudi kutoka mjini na simu ya kioo tu. Mimi nilirudi na sanduku la spana. Kiangazi kizima nilifungua injini ile, nikaisafisha, nikaifunga. Lakini gari halitembei bila magurudumu, na magurudumu yalikuwa mikononi mwa watu wenye hasira. Nikafunga kula, nikaomba. Bwana akaweka neno moyoni mwangu: usiwaombe wakupe, waombe wakuazime.

Ndipo nikatangaza kwamba uani kwa mama kutakuwa na makumbusho ya usafiri, siku moja tu, ili watoto wa ukoo waone tulivyosafiri. Nikatafuta mtumbwi wa zamani, baiskeli ya mbao, na tipoye, kile kiti ambacho wakubwa wa zamani walibebwa mabegani mwa watu. Kisha nikawazungukia ndugu kwa pikipiki. Kila mmoja nilimwahidi: jioni nitakurudishia kipande chako mkononi.

"Na kama wengine hawaleti?" yaya akauliza.

"Basi watoto wataangalia magurudumu yako peke yake, yaya."

Ndugu zangu, hilo lilimpendeza sana!

Siku ikafika, wakaja wote na vipande vyao, na kila mmoja akakaa pembe yake. Baba mdogo akapanda tipoye akijikohoza kama mkubwa. "Nani ananibeba?" Watoto wakajaribu kumwinua, wakaangukiana wakicheka. "Baba mudogo, kwanza punguza bugari!" wakampigia kelele, maana anajulikana kwa kupenda ugali. Lakini yaya na shangazi hawakutazamana.

Nikasema sasa tunaiunganisha kamyo, na sina mikono ya kutosha. Shangazi akashika mlango. Hakukuwa na mwingine mwenye nguvu za kuuinua upande wa pili ila yaya. Mlango ukayumba. "Inua, Kitenge, unanivunja vidole!"

"Ninainua, shangazi! Pole, shangazi!"

Miaka yote ile, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Mama akafunika uso kwa kanga yake.

Magurudumu na kiti vilipokwisha kufungwa, nikawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Nje ya ua wale wa sokoni wakapiga makofi: "Tulisema!" Nikalia, "Yesu, usiniaibishe!" Nikawasha tena. Ikanguruma, ndugu zangu! Ikanguruma mpaka kuku wakaruka ukuta! Shangazi yangu ni Mwislamu, na siku ile alimsifu Mungu kwa sauti kunishinda mimi.

Jioni nikachukua spana, maana mimi ni mtu wa ahadi. "Shangazi, tuanze na mlango wako."

Akanishika mkono. "Weye, acha! Ukitoa huu mulango, mvua itamunyeshea kaka yangu, marehemu baba yako."

Nikamgeukia yaya. Akatikisa kichwa. Nikamtafuta baba mdogo: alikuwa ndani ya kamyo, amekaa. "Mimi kiti changu nimeshakipata," akasema. "Tulipe kwa kututembeza."

Mnaona Mungu wetu? Asante, Bwana, wewe ndiwe fundi uliyenipita! Na wewe unayenisikia, mwenye kipande ulichokificha nyumbani kwa uchungu, mtegemee yeye, ukilete. Yeye anajua kinapofungwa.

Nikawapakia wote, na mama mbele, nikapita nao sokoni polepole, honi ikilia, watu wote waone. Tuliporudi mama alitandika mkeka, akaweka bugari na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja kubwa. Mikono yote ikaingia. Hivyo ndivyo nilivyowalipa wote walioniazima, jioni ileile niliyoahidi.