Blanketi la Viraka Lililokataliwa Maonyeshoni

Mgeni rasmi, Mama Orpha Mwansa, mwenyekiti wa maonyesho ya kazi za mikono,

Anayesoma kwa niaba yetu ni Elliot, mwana wa Lackson wa Puta, msuka nyavu, mjukuu wa Mwaka, mzee wa kanisa ambaye neno lake lilituliza ugomvi wa wavuvi. Kwa heshima waliyotuachia, tunakukaribisha Kashikishi.

TULIKOTOKA

Mama Jeanine alivuka kutoka Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani na furushi la vipande vya vitenge. Sisi tulikuwa na mablanketi yaliyochakaa. Tukayaunganisha, na chama kikazaliwa.

KAZI YETU

Kila mraba una kitenge juu na chini. Katikati tunaweka blanketi kuukuu, dogo kidogo, lisifikie mshono. Tunashona msalaba kuyashika matabaka yote matatu. Mishono ya kuunganisha miraba tunaielekeza nje, kisha tunazichanja kingo zake kwa mkasi bila kugusa uzi. Blanketi likifuliwa, kingo hufumuka zikawa laini kama manyoya ya kifaranga.

Vitambaa hukatwa na kupangwa kwa rangi na binti yetu Misozi, mjukuu wa msomaji. Jicho lake ni fahari yetu, ingawa hadi leo hatujalisifu mbele yake.

KILICHOTUPATA

Mwaka jana vijana wa chama walilipeleka blanketi letu maonyeshoni bila kulifua. Mama Jeanine aliwaonya. Walisema kitu kipya hakifuliwi. Mwamuzi akaligeuza huku na huku, akasema:

"Munashona kinyume. Mushono inaenda ndani."

"Eh, Papa," Mama Jeanine akamjibu, "samaki nayo inavaa magamba inje. Nayo ni kinyume?"

Watu walicheka, lakini blanketi lilikataliwa, na kicheko kikatugeukia sisi. Tangu hapo Misozi hajashika mkasi. Babu yake akimsihi, hujibu: "Shikulu, batatucheka tena." Nasi hatuna mwingine wa kupanga rangi.

OMBI LETU

Blanketi ni lile lile, lipo mezani, sasa limefuliwa. Hatuombi zawadi. Tunaomba uweke kiganja juu yake, uzipapase kingo, kisha ulikubali katika maonyesho ya kesho.

Mungu akutangulie katika njia ya kurudi kwako Chienge, na nyumba yako isikose joto.

Nanyi vijana, simameni msikie. Anayejua akisema fueni, fueni. Na wewe Misozi, inua uso. Aliyecheka hakushona. Kesho asubuhi mimi babu yako nataka kukuona na mkasi mkononi.

Ni sisi, Washonaji wa Viraka wa Kashikishi.